Gia Ilipokuwa Mkononi

Kiswahili kilipokipokea kifimbo cha kubadilishia gia kilikiita mkono wa gia, na jina hilo lilifaa kuliko pengine walivyokusudia waliolibuni, kwa sababu chombo hicho kilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kiliipelekea giaboksi amri ya dereva, na papo hapo kikamrudishia dereva habari kwamba amri imefika. Giaboksi, yaani sanduku la meno ya chuma linalolinganisha nguvu ya injini na mwendo wa magurudumu, imefichwa chini ya sakafu ambako jicho halifiki, na kwa miaka mingi kiganja ndicho kilichoiona. Tangu Land Rover za enzi za uhuru hadi magari ya sasa, ambayo gia zake huchaguliwa kwa kuzungusha swichi ya duara mfano wa ile ya sauti ya redio, ujuzi huo wa kiganja umehamishwa kidogo kidogo, na madereva wa Afrika Mashariki wamelazimika kuufuata kila ulikopelekwa.

Waliojifunza kazi katika miaka ya 1960 walikutana na Land Rover ya Series II na IIA, ambayo gia yake ya kwanza na ya pili hazikuwa na sinkromeshi, kifaa cha ndani kinachosawazisha mwendo wa meno ya gia kabla hayajaumana, hivyo dereva aliyetaka kushuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili mlimani alipaswa kukanyaga klachi, kutoa gia hadi nyutro, kuachia klachi, kuikanyagia injini mafuta kidogo, kisha kukanyaga klachi mara ya pili na kuingiza gia. Aliyekosea hakuhitaji kuambiwa, kwa kuwa gia ililia na mtikisiko wake ukapanda hadi kwenye kiwiko. Pembeni ya mkono mrefu palikuwa na mwingine wenye kirungu chekundu, wa kuchagulia gia nzito za matopeni na za miinuko mikali, na palikuwa pia na kirungu cha njano kilichosukumwa chini ili magurudumu yote manne yavute, kiasi kwamba dereva mzoefu aliweza gizani, kwa kupapasa tu, kueleza hali nzima ya gari lake. Mwaka 1971 Series III ilileta sinkromeshi katika gia zote za kwenda mbele, na ulazima wa kukanyaga klachi mara mbili ukaisha, ingawa wazee waliendelea nao kwa muda mrefu kwa sababu miguu yao ilikuwa imekwisha kuzoea.

Wengine walijifunza kwenye Peugeot 404, ambayo mkono wake wa gia ulitokeza shingoni mwa usukani, si sakafuni, na gari hilo ndilo lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 likiwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, na tena mwaka 1968. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa kuwa baadhi ya watu husema kwamba mkono wa gia mahali pake pa asili ni sakafuni na kila mahali pengine ni uzushi, ilhali magari yaliyoheshimiwa kuliko yote katika barabara za vumbi yaliendeshwa kwa mkono ulioning'inia kando ya usukani. Mahali palibadilika bila hasara, kwa sababu kilichohifadhiwa ni umbali na upinzani: kila gia ilikuwa na kituo chake, na kiganja kilikijua.

Mwandishi wa kumbukumbu hii ni wa kizazi kilichofuata, kilichofundishwa kwenye magari ya manyuali yaliyochakaa, na sharti la kwanza la mwalimu wake lilikuwa kwamba mwanafunzi asiitazame gia kamwe. Aliyeinamisha macho alisimamishwa kando ya barabara na kuamriwa kupanga gia zote nne na rivasi huku amefumba macho, mara kumi au zaidi, hadi mkono uache kuuliza. Sharti hilo lilikuwa la busara katika barabara yenye baiskeli, mbuzi na watoto wa shule, na linatajwa hapa kwa sababu ndilo lililokuja kupinduliwa.

Gari la otomatiki, linalobadilisha gia lenyewe bila klachi, halikulipindua. Magari mengi yaliyotumika yaliyoletwa kutoka Japani yalikuwa ya aina hiyo, na herufi zake zikawa maarifa ya kila mtu: P ya kuegesha, ambayo huingiza kipande cha chuma ndani ya giaboksi na kuyafunga magurudumu, R ya kurudi nyuma, N ya nyutro, na D ya kwenda mbele. Mpangilio huo una historia yake, kwa kuwa baadhi ya magari ya zamani ya Marekani yaliiweka rivasi mwishoni kabisa, ikipakana na gia nzito ya kwenda mbele, jambo lililowachanganya madereva waliohama kutoka gari moja hadi jingine, mpaka kanuni za usalama zilizoanza kutumika nchini humo mwaka 1968 zikadai kwamba nyutro ikae kati ya rivasi na gia za mbele. Hata hivyo, dereva wa otomatiki bado alikuwa na mkono wa gia unaosafiri katika mfereji, na aliyeukuta umefika mwisho wa mbele alijua kwamba gari limeegeshwa.

Mapinduzi yenyewe yalianza pale kebo, waya wa chuma uliounganisha mkono na giaboksi, ilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mawasiliano ya umeme, ambapo dereva huomba gia na kompyuta ndiyo inayoiingiza. Jaguar, kampuni iliyojulikana tangu mwaka 1986 kwa mfereji wa gia wenye umbo la herufi J, ilizindua mwaka 2007 gari la XF ambalo swichi yake ya gia ilikuwa duara la chuma lililolala sawa na dashibodi ya kati, likainuka polepole hadi kiganjani injini ilipowashwa. Land Rover ikalifuata wazo hilo katika Range Rover Evoque ya mwaka 2011 na Range Rover ya mwaka 2012, na Marekani gari la Ram 1500 la modeli ya 2013 likaiweka gia ya kuzungusha kwenye dashibodi yenyewe. Watengenezaji walikuwa na sababu za kweli: swichi ndogo huacha nafasi kati ya viti viwili, huruhusu gari lijiegeshe lenyewe, na kwa gari la umeme, lisilo na gia nyingi za kupangwa, mkono mrefu hauna tena cha kusukuma.

Magari hayo yalifika Afrika Mashariki kwa njia iliyoongeza ugumu. Mnunuzi wa gari jipya Uingereza huketi na muuzaji na kuelezwa kila swichi, lakini gari lililotumika linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi huja bila maelezo yoyote, na kwa kuwa Kenya huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka 8, teknolojia hufika ikiwa tayari imekwisha kuzoeleka kwingine na hakuna anayeiona kuwa jambo la kueleza. Wanaostahili kusifiwa hapa ni madereva wa bandarini wanaoyatoa magari melini, ambao kwa siku moja huweza kukutana na mkono wa sakafuni, mkono wa shingo ya usukani, vitufe na duara, na ambao hawana muda wa kusomea.

Katika kuzoea, kosa la kwanza ni la mkono. Katika gari la otomatiki la kawaida dereva huuvuta mkono wa gia nyuma ili gari liende mbele, ilhali katika duara huzungusha kulia, na mwili uliofundishwa kuvuta hupapasa hewa. Kosa la pili ni la ujirani, kwa kuwa duara la gia huweza kukaa karibu na maduara mengine ya sauti, ya kiyoyozi, au ya kuchagulia aina ya ardhi, na mwandishi aliwahi kuzungusha la ardhi akidhani ameegesha, akaokolewa na mguu uliokuwa bado kwenye breki. Gumu kuliko yote ni la tatu, ambalo halionekani kuwa kosa. Dereva anayegeuza gari katika njia nyembamba, akitoka rivasi kwenda mbele kabla gari halijatulia, huzungusha duara hadi D, duara likatii vidole vyake, lakini kompyuta ikaikataa amri kwa sababu gari bado linasogea, na kukataa huko hakutoi mlio wa chuma wala mtikisiko, ila maandishi madogo mbele ya usukani. Zamani giaboksi iliyokataa ilipiga kelele. Siku hizi hukataa kwa maandishi, na asiyesoma hukanyaga mafuta akidhani amekubaliwa.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Marekani. Mwezi Aprili 2016 zaidi ya magari milioni 1 ya Jeep Grand Cherokee, Dodge Charger na Chrysler 300 yaliitwa karakanani kurekebishwa kwa sababu ya mkono wa gia wa umeme uliokuwa ukirudi katikati kila ulipoachiwa, na hivyo kutomwonyesha dereva gia aliyoichagua. Juni 19 mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya gari lake la aina ya Grand Cherokee kubingirika mteremkoni na kumbana. Kufikia Desemba mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikuwa imeanza kuchunguza pia takriban magari milioni 1 ya Ram 1500 na Dodge Durango yenye gia ya kuzungusha, kufuatia malalamiko kwamba yalitembea baada ya madereva kushuka. Dawa iliyoenea tangu hapo ni programu inayoiingiza P yenyewe mlango wa dereva unapofunguliwa, na dawa hiyo ni njema, ingawa inakiri kwamba kiganja hakitegemewi tena.

Betri inapokufa, tofauti huonekana upya. Gari la manyuali lilisukumwa na vijana wa mtaa hadi likawaka, na mkono wa otomatiki wa zamani uliweza kutolewa P kwa kubonyeza kitufe kidogo kilichofichwa kando yake, lakini gari la duara lisilo na umeme hubaki limefungwa hadi fundi aipate kamba au kebo ya dharura chini ya mfuniko, na mafundi wanaojua mfuniko upi ufunguliwe kwa gari lipi wamekuwa watu wa kutafutwa.

Jaguar na Land Rover zenyewe zimeliacha duara: Evoque ya pili, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2018, ina mkono mfupi, na Range Rover iliyozinduliwa mwaka 2021 vilevile, ingawa mikono hiyo nayo hutuma ujumbe wa umeme tu. Watengenezaji wengine, kama Kia na Genesis, wanaendelea na duara. Mwandishi, ambaye sasa huendesha gari la duara karibu kila siku, amejitengenezea utaratibu unaokiuka sharti la mwalimu wake: mguu hubaki kwenye breki, duara huzungushwa hadi P, macho huinamishwa mpaka herufi yenyewe isomwe, kisha breki ya kuegeshea, ambayo nayo imekuwa kitufe, huvutwa juu kwa kidole kimoja. Hapo redio huzimwa, na mguu hauachii mpaka usikike mlio mfupi wa mota ndogo zinazokaza breki kwenye magurudumu ya nyuma.