Mti Mmoja Malishoni: Somo la Kuhesabu Mimea

Mwalimu apangiwaye shule ya kijijini mara nyingi hulalamika kwamba hana vifaa vya kufundishia sayansi. Mimi nilifundisha Kibakwe, wilayani Mpwapwa, na naamini kwamba malisho yenye mbuyu hapa na mgunga pale ni maabara iliyo tayari. Lakini maabara hiyo yadai swali lililofikiriwa vema.

Vifaa ni vijiti vinne na kamba ya mkonge yenye urefu wa meta 4. Wanafunzi hufanya miraba mitatu, kila mmoja meta 1 kwa meta 1: wa kwanza chini ya matawi, wa pili kivuli kinapokoma, na wa tatu juani. Katika kila mraba huorodhesha aina za mimea waionayo. Wakati ufaao ni Februari au Machi, nyasi zinapochanua. Majina yaandikwe kwa Kigogo kama watoto wayajuavyo, kwani wengi wao ni wachungaji. Nyasi mbili ambazo machoni pangu zilifanana kabisa, wao walizitenganisha kwa kuzipekecha viganjani na kuzinusa.

Baada ya kuhesabu ndipo penye mtego. Tuseme mraba wa kivulini una aina 7, na wa juani una aina 9. Mtoto atasema kwamba mti umepunguza mimea, na mchoma mkaa atafurahi kusikia hivyo. Lakini ziwekeni orodha mbili pamoja. Ikiwa aina 4 za kivulini hazimo katika orodha ya juani, malisho yana aina 13, wala si 9. Kwa hiyo tusiulize tu, "Wapi pana aina nyingi?" Tuulize pia, "Aina zipi huenda zingetoweka hapa kama mti huu usingekuwapo?"

Kisha watoto watafute sababu. Waguse udongo: wa kivulini una joto dogo. Watazame majani yaliyooza, samadi ya mifugo iliyojipumzisha, na mbegu zilizodondoshwa na ndege watuao matawini. Watafiti waliopima migunga na mibuyu ya Tsavo, nchini Kenya, katika miaka ya 1980 walikuta udongo wa chini ya matawi una rutuba zaidi kuliko wa mahali pa wazi, na nyasi zake zilistawi zaidi. Hata hivyo tusiutukuze mti kupita kiasi. Mizizi yake nayo hunywa maji, na miti ikisongamana hugeuka kichaka ambamo nyasi za jua hufifia. Faida tuliyoiona ni ya miti iliyotawanyika, kwa kuwa malisho hupata kivuli na jua pia.

Somo hili si la daftarini tu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Na miaka ya karibuni wakulima wa mkoa huu wamehimizwa kutunza machipukizi ya visiki kwa njia iitwayo Kisiki Hai. Kesho ni watoto hawa watakaoshika shoka na kuamua chipukizi lipi libaki. Basi, ndugu mwalimu mtarajiwa, usiwape jibu kabla hawajahesabu. Aliyeambiwa kwamba mti ni mali husahau upesi. Aliyeiona mwenyewe orodha ikirefuka atafikiri kwanza kabla ya kukata.