Bata la Taifa

Mtoto wa kaka yangu alikuja kunisaidia kupanga vitu, akafungua sanduku la bati na kutoa daftari lililojaa vijistari na vidoti. "Shangazi, hiki Kiarabu?" Nikamjibu ni hatimkato, mwandiko wa alama za mkato wa kumfuata msemaji kwa kasi yake. Akaitikia kwa adabu ya mtu ambaye hajaelewa na hataki kueleweshwa, kisha akaliweka kwenye rundo la kuchomwa. Ana shahada, huyo.

Nililiokoa. Jalada limeandikwa 1983, ilhali risiti ya ada iliyokunjwa ndani yake ni ya 1982. Moja imekosea, nami sina haja ya kuzipatanisha. Ni miaka ile ya foleni za sabuni, aliyekuwepo anaijua.

Wenye bahati walipelekwa Tabora, Chuo cha Uhazili. Sisi tuliomaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kuficha tulijilipia masomo ya jioni, kwenye chumba cha uani cha nyumba moja Kariakoo. Chumba kile kilikuwa na harufu yake, na nikiisikia leo popote nitasimama: mafuta ya taa tuliyosugulia mashine za taipu kwa miswaki iliyochakaa, wino wa utepe, na ile dawa nyekundu ya kufutia makosa kwenye stensili, inayopanda puani hadi macho yanalenga machozi. Utepe ulikuwa adimu. Tuliugeuza na kuugeuza tena mpaka herufi zikawa za kijivu, na mtu akipata mpya kwa ndugu yake wa ofisini alitembea siku hiyo kifua mbele.

Mwalimu alikuwa karani mstaafu. Shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kalamu mbili mfukoni, nyekundu na buluu. Alivua saa ya mkono, akailaza mezani, akasoma gazeti kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Maneno 50 kwa dakika. Baadaye 60. Baadaye 80, na hapo ndipo nilipokwama.

Mfumo wenyewe wa hatimkato aliutunga Mwingereza Isaac Pitman mwaka 1837. Mstari mwembamba ni p. Ukiukandamiza unakuwa b. T na d hali kadhalika, k na g hali kadhalika. Irabu ni vidoti na vistari vya pembeni, lakini anayemkimbiza msemaji hana nafasi ya kuziweka. Irabu ya kwanza ataikisia kwa kutazama alama imekaa wapi: imeelea juu ya mstari wa daftari, imeukalia, au imeukata. Kwa Kiingereza mambo huenda. Kwa Kiswahili, ambacho karibu kila konsonanti imefuatana na irabu yake, utatamani kulia. Bibi na bubu zote ni b mbili, na zote zinaukata mstari.

Kwenye jaribio langu la kwanza la 80 darasani, Mwalimu alisoma hotuba ya uchumi. Nilipochapa kutoka kwenye daftari, pato la taifa likawa bata la taifa, tena zaidi ya mara moja, na Bibi Mwenyekiti akawa Bubu Mwenyekiti. Nilifeli. Nikarudia, nikafeli. Wenzangu walioanza nyuma yangu walipata kazi wizarani, wakawa wanapita kunisalimia wamevaa viatu vya kisigino, nami bado nanoa penseli kwa wembe.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mzee yule kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kunifundisha. Siku hizi redioni hakukosi mtu wa kukuhimiza usikate tamaa, uamini ndoto zako, uamke saa kumi alfajiri. Mwalimu sikumsikia hata mara moja akisema usikate tamaa. Kila jaribio la darasani ulilofeli alikurudishia, akavuta kiti, akachukua rula na kupiga safu nne kwenye karatasi chakavu: sikio, mkono, mstari, kusoma. Kila kosa likaenda kwenye safu yake. Hukulisikia neno? Sikio. Umelikandamiza lisilopaswa kukandamizwa? Mkono. Bata la taifa lilikwenda safu ya mkono. Bubu, nilibisha kwamba ni la mstari. Akakataa, akasema alama imekaa mahali pake, ubongo ndio haukufikiri, akaliandika kwenye kusoma.

Nilizitunza karatasi zile, na kwa kuzilinganisha niliona jambo ambalo alama za jumla zilikuwa zinanificha. Makosa yalikuwa karibu idadi ileile kila mara, lakini yalihama. Safu ya mkono ilikuwa imekauka. Sikio ndilo lililojaa. Kumbe sikuwa nikifeli mtihani uleule.

Basi nikalifundisha sikio kwa Redio Tanzania. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilinishinda, na mtangazaji wa mpira hata sikumgusa. Nilianza na matangazo ya vifo. Yale husomwa taratibu, na ndani yake mna majina ya watu na vijiji ambayo huwezi kuyakisia: lazima uyasikie. Mama alinikataza, akaona ninajiitia mikosi kuandika marehemu wa watu kila jioni kwenye daftari. Nikaandikia jikoni, kandili pembeni, sauti ya redio ikipenya dirishani.

Nikafaulu 80. Nilipata 100 pia, kazini, na sikumbuki hata neno moja la mtihani huo.

Yaliyofuata ni mafupi. Kikaja kinasa sauti, ikaja kompyuta, mabosi wakaanza kujiandikia barua zao wenyewe, zenye makosa ambayo zamani tungeyaonea haya. Mwalimu alifariki, nyumba ile imekuwa ghorofa la maduka ya vitenge. Matangazo ya nafasi za Katibu Mahsusi serikalini yaliendelea muda mrefu kudai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja, na waombaji wengi wakajiuliza hilo ni dude gani.

Kinachoniudhi ni kingine. Wajukuu zangu wanafanya mtihani kila mwezi, na kinachofika nyumbani ni ujumbe wa simu: wastani na nafasi darasani. Wa thelathini na ngapi kati ya hamsini. Karatasi yenyewe haionekani. Nimeuliza shuleni, nikaambiwa zinatunzwa. Zinatunzwa kwa ajili ya nani? Mitihani ya taifa nayaelewa mazingira yake, watahiniwa ni wengi mno. Lakini huu wa kila mwezi, uliotungwa na kusahihishwa na mwalimu wa darasa hilohilo, hauna kisingizio. Mzazi mwenzangu, Jumatatu pita shuleni uidai karatasi, kisha ukae na mtoto mlipange kila kosa mahali pake.