Mlango Usioitikia Hodi

Jumatano, 3 Machi 2021

Habari nimezipata saa mbili asubuhi nikiwa ndani ya matatu, sijashuka bado. Microsoft wametoa viraka vya dharura vya Exchange, programu inayoendesha seva yetu ya barua pepe, matoleo ya 2013, 2016 na 2019. Mianya ni minne na tayari kuna watu wanaopita humo. Wanalitaja kundi wanaloliita Hafnium, wanasema liko Uchina. Sentensi moja nimeirudia mara tatu: mwanya wa kwanza hauhitaji nenosiri.

Mwaka mzima nimewasumbua watu kwa manenosiri. Nimebandika karatasi ukutani. Mama Mhasibu nimemlazimisha abadilishe lake kila miezi mitatu, mpaka siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hili nalo mwisho wake lini?" Kumbe mgeni huyu hana shughuli na bawabu. Anatuma ombi lililopindishwa kwenye ukurasa wa kuingilia barua, kwenye lango la 443, na seva inamdhania ni mtu wa nyumbani.

Lango hilo nililifungua mimi. Machi mwaka jana, corona ilipoingia Kenya, Mzee, bosi wetu, alitaka kufikia Jumatatu kila mtu aweze kusoma barua akiwa kwake. Nikalifungua kwa dunia nzima, nikijiambia ni la wiki mbili tu.

Saa tatu nilikuwa mbele ya meza yake nikimwomba nilifunge papo hapo. "Kijana, tuna mizigo ya meli mbili Kilindini leo. Nani atatoa kontena bila barua?" Tukapatana saa kumi jioni. Barua zenyewe zingeendelea kuingia, maana zinapokelewa kwa lango la 25. Walio nje tu ndio wangeshindwa kuzisoma. Nimelifunga saa kumi kasoro dakika tano. Muda wote huo, tangu asubuhi, nilikuwa kama mtu aliyeacha mtoto karibu na kisima.

Alhamisi, 4 Machi

Jana sikurudi nyumbani. Kafyu ni saa nne, na saa nne ilinikuta bado nasubiri.

Kiraka kilikataa kuingia. Exchange hutolewa sasisho kubwa kila baada ya miezi kadhaa, na kiraka hiki kinakubali yale mawili ya mwisho tu. Yetu ilikuwa nyuma sana. Kila mara nilipotaka kusasisha niliambiwa ngoja mwisho wa mwezi upite, na mwezi mwingine ukaanza. Kwa hiyo kwanza nikapakua gigabaiti kadhaa kwa intaneti ya ofisi, kisha nikasakinisha, kisha nikawasha upya, ndipo nikafika kwenye kiraka chenyewe.

Kuna jambo nataka nilikumbuke. Ukibofya faili la kiraka mara mbili, kama tunavyozoea kufungua kila kitu, linasakinishwa bila kulalamika, lakini baadhi ya mafaili hayabadiliki na ukurasa wa barua unaweza kufa. Ni lazima uliendeshe kwa mamlaka ya msimamizi. Maelezo hayo nimeyasoma mpaka chini kabla ya kugusa chochote, na nashukuru, kwa sababu saa nane usiku mtu hubofya tu.

Adhana ya alfajiri ilipolia, seva ilikuwa imesimama. Nikanunua mahamri na mbaazi kwa mama wa pale kona, nikala nimesimama.

Jumapili, 7 Machi

Microsoft wametoa skripti ya kupekua kumbukumbu za seva. Nimekuja ofisini peke yangu kuiendesha. Nilitumaini itaniambia hakuna kitu.

Imetoa mistari kumi na mmoja. Maombi kutoka anwani nisiyoijua, yamejitambulisha kwa namna ambayo mteja wa kawaida hajitambulishi. Nikafungua folda ya aspnet_client, ambayo kwetu haikupaswa kuwa na ukurasa wowote, nikakuta faili moja la aspx, jina lake herufi zilizochanganywa ovyo. Ndani yake wamechukua mipangilio ya kitabu cha anwani, na pale panapokaa anwani ya nje wamepachika mstari mmoja mfupi wa programu. Mstari ule unatosha. Aliyeuweka anaweza kuiamuru seva chochote kwa kutumia kivinjari tu, kutoka popote alipo.

Faili limeandikwa 3 Machi, saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Viraka vilikuwa vimetoka saa chache tu kabla yake, na mimi nilikuwa nimelala.

Siku nne nimekuwa nikimlaumu Mzee moyoni kwa zile saa alizoningojesha Jumatano. Hazikubadilisha kitu. Kilichotuponza ni ule mwaka wote ambao lango lilikuwa linatazama barabarani, na huo ni wangu.

Na kiraka nilichokeshea hakikuligusa faili hili. Kiliziba mwanya tu. Ukibadilisha kitasa, aliyekwisha kujificha uvunguni unalala naye.

Ninachoogopa si seva kuzimwa. Ndani ya barua zetu kuna hati za shehena, ankara, nakala za vitambulisho, namba za akaunti za benki. Mtu akisoma mazungumzo kati yetu na mteja wa Kampala kwa siku mbili, anajua mzigo gani, kiasi gani, tunavyosalimiana, nani huandika "ndugu yangu" na nani huandika "mheshimiwa". Anachohitaji baada ya hapo ni ankara moja yenye namba nyingine ya akaunti, iliyotumwa siku ileile mteja anayoingojea. Mteja atalipa kwa moyo mweupe.

Nimechomoa waya wa mtandao. Nimenakili kumbukumbu zote kwenye diski ya nje kabla ya kufuta chochote.

Jumatatu, 8 Machi

Nimemwambia Mzee yote, na la mwaka jana pia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Tukitangaza, wateja watakimbia." Nikamwonyesha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data hujulishwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Nimejua jana alasiri.

Aliisoma mwenyewe, polepole, miwani puani. Akasema, "Andika barua, nitatia saini. Na wateja tuwapigie, wasisikie kwa watu."

Mama Mhasibu amekaa na simu tangu saa tano hadi magharibi. Kwa kila mteja amesema maneno yaleyale: ukipata kwetu barua yenye akaunti mpya, usilipe, nipigie mimi kwa namba uliyonayo siku zote. Mteja mmoja wa Kigali alimjibu kwamba ni mara ya kwanza kampuni kumpigia kabla mambo hayajaharibika. Hakuna aliyelipa kusiko. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa kiraka.

Jumatano, 10 Machi

Bunge la Norway limetangaza kwamba nalo limeingiliwa kwa mianya hii. Jumapili ilikuwa Mamlaka ya Benki ya Ulaya. Nimesoma bila faraja yoyote. Wao wana watu wa kufanya kazi hii, hapa niko mimi na kijana wa mafunzo.

Jumapili, 14 Machi

Seva mpya, siku mbili mfululizo. Ile ya zamani siiamini tena hata niikague mara mia, kwa sababu aliyeweka faili moja nililoliona anaweza kuwa ameweka jingine nisiloliona. Nimehamisha barua tu. Mfumo, programu, mipangilio, vyote nimevianza upya. Manenosiri yote yamebadilishwa, pamoja na yale ya akaunti za huduma ambayo hakuna aliyeyagusa tangu kabla sijaajiriwa.

Jumanne, 16 Machi

Leo nimejenga njia mpya ya kuingilia. Kisanduku kidogo cha Linux mbele ya seva, ndani yake programu ya VPN iitwayo WireGuard. Anayetaka kusoma barua akiwa nje huingia kwanza kwenye VPN, na lango la 443 sasa linaonekana na walio ndani ya njia hiyo peke yao. Hatua ya pili ya uthibitisho nimeiongeza juu yake, lakini sijidanganyi: katika mkasa huu namba sita za kwenye simu zisingemzuia mtu, kwa sababu hakufika hata pale anapoulizwa nenosiri.

Kinachonipendeza katika WireGuard ni ukimya wake. Sisi tumelelewa kwamba hodi huitikiwa. Hata asiyetakiwa huambiwa karibu, kisha ndipo aulizwe shida yake. Ukurasa wetu wa barua ulifanya hivyohivyo, ukiitikia kila hodi ya dunia. Huyu hajibu. Kifurushi kikija bila ufunguo anaoujua, hakitumiwi hata jibu la kukataliwa. Anayepapasa kutoka nje haoni kama hapo pana mlango. Nimejaribu kwa simu yangu kutoka intaneti ya nje, nikapapasa kila nilivyojua, nikapata kimya. Nilisimama pale kwenye ngazi nikaona macho yananilowa, sijui ni usingizi.

Kila kifaa kina ufunguo wake, hakuna wa pamoja. Mama Mhasibu nilimwonyesha ile picha ya miraba kwenye kioo, akaisoma kwa kamera ya simu, ikaisha. "Na hakuna kubadilisha kila miezi mitatu?" Nikamwambia hakuna, mama.

Ijumaa, 26 Machi

Rais ametangaza kufungwa kwa Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Hakuna kutoka wala kuingia, na kafyu kwao ni saa mbili. Wenzetu saba wa ofisi ya Nairobi watafanyia kazi nyumbani tangu kesho.

Mzee akapiga simu. Nilijua atakachosema, fungua tu kama mwaka jana. Hakukisema. Aliuliza, "Hao saba, funguo zao ziko tayari?" Zilikuwa tayari tangu wiki iliyopita.

Jumatano, 14 Aprili

Wizara ya Sheria ya Marekani imetangaza jana kwamba FBI, kwa kibali cha mahakama, imeingia kwenye mamia ya seva za watu huko kwao na kuyafuta mafaili kama lile letu, kwa sababu wenyewe walikuwa hawajayaondoa. Wiki sita zimepita. Nawafikiria hao wenyewe, labda ofisi ndogo kama yetu, labda hawana hata mtu wa kuwaambia.

Alasiri wakala wetu wa Malaba alipiga kwa simu ya kuazima. Yake imeibiwa stendi, na barua zilikuwa wazi. Nilifungua orodha, nikatafuta jina lake, nikafuta mstari mmoja. Alikuwa bado anaomba radhi nilipomwambia kwamba simu ile haifiki tena kwetu, akanunue nyingine, anitafute.