Kutafuta Topu Chini ya Kitonga

Gari lililosetiwa taimingi vibaya laweza kutoka Mikumi, likalikata bonde la mibuyu na kuvuka daraja la Ruaha bila dereva wake kushtuka. Kitonga ndiyo huliumbua. Ukishaipita Mtandika barabara inaanza kujikunja ubavuni mwa mlima, gia zinashuka, mwendo unakufa. Injini inayotoa cheche mapema mno inagonga. Inayochelewa inapandisha joto, na kabla ya nusu ya mlima boneti iko wazi. Walioshindwa walirudi kwetu Ruaha Mbuyuni wakivutwa kwa mnyororo, na wengi wao walifikia kwa mjomba wangu, kando ya barabara kuu, gereji iliyobanwa na magunia ya vitunguu kila upande.

Mjomba aliingia kwenye kazi hiyo akiwa utingo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikapoteza njia ya kusini ya mafuta yake, nayo yakaanza kupita kwetu kwa malori wakati barabara bado ni vumbi na tope. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services. Lori likifa njiani utingo ndiye aliyelala chini yake, kwa hiyo ndiye aliyejifunza kulifungua. Lami ilipofika na reli ya TAZARA ikaanza kubeba sehemu ya mzigo, yeye alikwisha kuchoka kusafiri. Akabaki Mbuyuni na spana zake.

Nikiwa mdogo, tulipotafuta topu, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa, kazi yangu ilikuwa kuziba tundu la plagi namba moja kwa kidole gumba. Mjomba alizungusha hendeli taratibu, nami nilitakiwa kupiga kelele mara tu upepo unaposukuma kidole. Injini ya mipigo minne hupandisha kila pistoni juu mara mbili kabla ya kumaliza mzunguko wake wa kazi: mara moja ikibana hewa na petroli, mara nyingine ikifukuza moshi. Mara hiyo ya pili valvu ya moshi iko wazi na kidole hakisukumwi. Ukiifunga distribyuta kwa topu hiyo ya moshi, cheche inakuja mzunguko mzima nje ya wakati wake na gari linapiga chafya kwenye kabureta. Mjomba hakukitegemea kidole changu peke yake. Alifungua kifuniko cha valvu akatazama silinda namba nne, maana kwenye injini inayowaka 1-3-4-2, pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja. Valvu za silinda hiyo ya nne zikipokezana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufungua, basi ya kwanza imebana na iko tayari kuwashwa. Kwenye Peugeot 504 alitukumbusha kila mara kwamba namba moja ni ile ya upande wa fulaiwili, si ya upande wa feni kama kwenye Land Rover.

Hapo umeipata topu kwa jumla tu. Kuipata hasa ni jambo jingine, na ndilo lililonifanya niipende kazi ile. Pistoni ikifika juu haigeuki papo hapo. Ni kama inatulia. Injini ya Land Rover ya lita mbili na robo husafirisha pistoni karibu sentimita 9, lakini ndani ya nyuzi 5 kabla ya kileleni pistoni hiyo husogea kama robo ya milimita tu. Kidole hakiwezi kuiona robo hiyo. Jicho nalo haliwezi. Na nyuzi 5 za taimingi ndizo zinazotenganisha gari linalopanda Kitonga na gari linalovutwa kwa mnyororo.

Mjomba alichukua plagi iliyokufa, akaivunja kaure yake, akachomelea bolti ndani na kuiviringisha ncha. Chombo hicho alikifunga mahali pa plagi namba moja, kisha akazungusha injini kwa mkono, kamwe si kwa stata, mpaka pistoni iguse bolti na kukataa kuendelea. Akachora chaki kwenye puli mbele ya waya aliousimamisha kwenye bloku. Akarudisha nyuma, karibu mzunguko mzima, mpaka pistoni iguse tena kwa upande wa pili. Chaki ya pili. Kisha akanyoosha uzi kutoka alama hadi alama, akaukunja katikati, na pale ulipokunjikia ndipo palipokuwa topu. Huipati kwa kuifuata yenyewe. Unaipata kwa kusimama mbali nayo, sawa kwa sawa, huku na huku.

Nasikia watu wakisema mafundi wa zamani walijua kwa mikono, kwa kipaji. Sikubaliani nao. Mikono ya mjomba ilikuwa hodari, lakini alipima.

Katikati ya miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya uagizaji, na baadaye zikaja Hiace za dizeli zilizotumika Japani. Topu sasa ikawa alama zilizochongwa kiwandani: ya krenki, ya kemishafti, ya pampu ya dizeli, zote zilingane ndipo mkanda wa taimingi uvikwe. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya kukumbusha kubadili mkanda kila kilomita 100,000, lakini nani aliyejua gari lilitembea kilomita ngapi kabla ya kupanda meli? Mkanda ulikatika, na kwa kuwa dizeli huacha nafasi ndogo mno juu ya pistoni, valvu zilikutana nayo.

Halafu ikaja Toyota IST, ambayo sasa imejaa kila stendi. Haina distribyuta ya kuzungusha. Kila plagi ina koili yake. Kwenye krenki kuna gurudumu lililogawanywa meno 36, mawili yakaachwa makusudi, yakabaki 34. Sensa inayahesabu yanapopita, pengo likifika kompyuta inajua krenki iko wapi, na sensa ya kemishafti inaiambia kama topu inayokuja ni ya kubana au ya moshi. Nilipoelezwa haya nilifurahi sana. Kumbe nayo inapima kwa kitu kilicho mbali na kilele, kisha inahesabu.

Gereji sasa ni ya binamu yangu. Ana mashine ya kusoma makosa, na anaitumia vizuri. Juzijuzi aliletewa pikapu ya petroli ya zamani yenye injini ya mtumba. Alama ya puli ilisema taimingi iko sawa, injini ikakataa. Puli nyingi zimeundwa kwa vipande viwili vilivyoshikwa na mpira. Mpira ukizeeka duara la nje huteleza, na alama huteleza nalo. Binamu akaitoa kwenye kopo ile plagi yenye bolti, akachora chaki mbili, akakunja uzi. Topu ilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye alama. Akachonga alama mpya, akaipaka rangi nyeupe, kisha akachukua tupa akaisugua ile ya zamani mpaka ikafutika, asije fundi mwingine kule mbele akaiamini.