Kabla Hujaagiza Baiskeli ya Gia za Umeme

Mwanangu,

Kilichonikalisha niandike ni habari niliyoipata kwa mama yako: kwamba tangu uliporudi kutoka Kigali hulali kwa hamu ya baiskeli ya mbio yenye gia za umeme, kwamba binamu yako atakuletea kutoka Ujerumani akija likizo, na kwamba pesa itakayopungua utaijazia kwa mkopo wa SACCOS. Juu ya baiskeli yenyewe sina pingamizi. Anayefanya mazoezi kwa bidii kama wewe anastahili chombo kizuri. Shaka yangu ni gia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia baba yako kwamba shangazi amepitwa na wakati.

Kwanza nizipe gia hizo haki yake, maana ni ufundi wa hali ya juu na nisingependa ufikiri nazidharau. Katika gia za waya, nguvu ya kidole chako ndiyo inayofanya kazi: unasukuma leva, waya wa chuma unavutwa ndani ya ganda lake, na kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kinasogea hatua moja. Katika gia za umeme kidole kinabonyeza kitufe tu, na mota ndogo ndiyo inayosogeza. Faida yake kubwa ni kutolegea. Watu husema waya umetanuka, lakini sehemu kubwa ya kulegea huko hutokana na ganda na vifuniko vyake vinavyoendelea kujikaza mahali pake siku za mwanzo. Baadaye vumbi na kutu huingia, msuguano unaongezeka, na gia zinaanza kusitasita. Mota haina ganda la kuingia matope. Inarudi palepale ilipopangiwa, leo na mwakani. Kuhamisha cheni kwenye gia za mbele, kazi inayotaka kidole chenye nguvu kwa waya, kwa umeme ni mguso tu. Mwenye baridi yabisi mikononi ningemshauri anunue za umeme bila kusita, na mshindani wa triathlon, ambaye hulalia usukani wake, anaweza kuwekewa vitufe hata mahali pawili. Wewe huna ugonjwa wa mikono na hushindani triathlon. Kwako, basi, faida inabaki kuwa ulaini na kupunguziwa marekebisho, na swali ni unazilipia nini.

Ulichokiona Kigali Septemba 2025 ni mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na naelewa ilivyokuwa kuwatazama akina Tadej Pogačar wakipanda vile vilima bila kidole kuonekana kikisogea. Lakini ungegeuka nyuma ukaangalia kilichokuwa kinawafuata. Nyuma ya kila kundi kulikuwa na magari yenye mafundi, magurudumu na baiskeli nzima za akiba juu ya paa. Mwanariadha wa namna hiyo gia ikimgomea anapewa baiskeli nyingine na kuendelea, na usiku fundi anachaji, anapima, anabadilisha. Baiskeli hizo si zao kwa maana unayoifahamu wewe. Ni za timu, na mwakani zitakuja nyingine. Wewe utakuwa peke yako kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, na baiskeli hiyo unatarajia ikutumikie miaka 10. Kwa hiyo ubora wa gia siku ile ya mbio hautoshi kuwa ushahidi wa ununuzi wako. Ushahidi unaokuhusu ni wa mwaka wa sita na wa saba, pale mtengenezaji anapokuwa ameshageukia toleo jingine.

Na hapo historia ina la kusema, ambalo wauzaji hawalisemi. Watu wengi wanadhani gia za umeme zilianza na kampuni ya Shimano. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa iliwatangulia kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitoa mfumo ulioitwa Zap, na mwaka 1993 ulionekana kwenye Tour de France yenyewe. Ulikuwa umebuniwa kwa akili nyingi: betri yake ilikuwa ndogo kwa sababu haikusogeza mzigo; ilitoa amri tu, na nguvu ya kusogeza ilichukuliwa kwenye mzunguko wa kile kigurudumu kidogo inachopitia cheni nyuma, yaani mwendeshaji mwenyewe ndiye aliyehamisha gia kwa kukanyaga pedali. Chris Boardman wa Uingereza aliutumia katika mbio za kushindana na saa. Kisha mwaka 1999 Mavic wakaja na Mektronic, ambao uliacha hata nyaya na kupeleka amri kwa mawimbi ya redio, miaka 16 kabla ya kampuni ya SRAM kutangaza mfumo wake wa redio, eTap, mwaka 2015. Kwenye karatasi ulikuwa mbele ya dunia nzima. Barabarani mifumo hiyo ilisumbuliwa na maji na kutotabirika, na Mavic wakaiacha.

Kaa na hilo neno, wakaiacha, maana ndilo linalonikosesha amani. Kampuni ilikuwa na haki ya kuacha biashara isiyolipa. Lakini fikiria aliyeinunua kwa fedha yake. Kipuri cha Zap hakikuweza kuchongwa na fundi wa mtaani, wala hakikuweza kuazimwa kwa kampuni nyingine, kwa kuwa kila sehemu iliongea na mwenzake tu. Mwaka huohuo wa 1999, mwenye baiskeli ya gia za waya iliyotengenezwa miaka ya 1980 alikuwa akinunua waya dukani na kuendelea na safari. Hata waliofaulu hawakuepuka jambo hili. Shimano walipoanza kuuza gia zao za umeme, Dura-Ace Di2, mwaka 2009, walitumia aina moja ya nyaya za umeme. Mwaka 2011 wakaleta mfumo mwingine usioingiliana na ule. Mwaka 2021 wakaleta nyaya nyembamba zaidi zenye vichwa tofauti. Hao ndio waliofanikiwa kuliko wote, na katika miaka 12 wamebadilisha mara mbili. Waya wa gia wa chuma, wenye unene wa milimita 1.2, umebaki uleule. Miaka yote niliyofundisha fizikia niliwaambia wanafunzi watazame chombo kwa swali hili: kikiharibika, nani mwingine zaidi ya aliyekitengeneza anaweza kukirudisha kazini? Wengi walinisikiliza. Baba yako hakuwahi kunisikiliza katika jambo lolote la mitambo, na hiyo ni habari nyingine.

Utaniambia betri haisumbui, na kwa safari za kawaida ni kweli. Shimano wanakadiria kilomita 1,000 hivi kwa chaji moja katika mfumo wao wa gia 12, na hiyo ni wiki nyingi za mazoezi. Ila chaja ya mfumo huo ina waya wake maalumu unaochomekwa kwenye kifaa cha nyuma. Ule wa simu hauingii. Ukiupoteza Karatu, Karatu yote haina mwingine. Leva nazo, kwa kuwa zinatuma amri kwa redio, zina betri zake za kifungo. Betri kuu ikikaribia kuisha, gia za mbele ndizo zinazogoma kwanza, halafu za nyuma, na unabaki na gia uliyokuwa nayo mpaka utakapopata umeme. Betri yenyewe, kama zote za lithiamu, inazeeka hata ukiitunza, na siku ikifika utahitaji ileile ya kampuni ileile. Juu ya hayo kuna programu. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani walionyesha kwamba amri za redio za Di2 zinaweza kunaswa na kurudiwa na mtu mwingine, na Shimano wakatoa marekebisho yanayopakuliwa kwa simu. Sisemi mtu atakunasia gia zako. Nasema gia zinazohitaji kusasishwa zina mwenyewe mwingine aliye mbali nawe, na siku akiacha kuzisasisha huna la kumfanya.

Najua pia utasema waya nao hukatika. Hukatika, na mara nyingi ndani ya kichwa cha leva, mahali usipopaona, baada ya kuchakaa nyuzi moja moja. Ukikatika wa nyuma, cheni inaangukia gia ndogo kabisa, iliyo nzito kuliko zote, na kama uko kwenye ule mpando wa ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu utashuka utembee. Lakini waya mpya unakaa ndani ya kifuko cha tandiko na hauna uzito wa kuhesabu, bei yake haimfilisi mtu, na fundi anayejua gia anaweza kuufunga na kuurekebisha. Ubadilishe kila mwaka kabla ya masika na huenda usiuone ukikatika kamwe. Hitilafu zote mbili zinaweza kukukuta. Moja unaimaliza kando ya barabara. Nyingine inakusubirisha kifurushi kutoka Ulaya, na ushuru wake juu.

Hoja yako yenye nguvu kuliko zote, nadhani, ni kwamba gia za waya zinakufa. Mwaka 2021 Shimano waliziondoa kabisa katika matoleo mapya ya seti zao za Dura-Ace na Ultegra, na mtu mwenye akili anaweza kuuliza kwa nini anunue kinachoachwa. Ila tazama kilichofuata. Mwaka 2022 walitoa seti yao ya 105 ya umeme, na mwaka 2023 wakarudi na 105 ya waya yenye gia 12 nyuma, kwa kuwa wanunuzi wa kawaida bado waliitaka. Hiyo ndiyo ninayokupendekezea. Inahamisha gia vizuri. Wala usinilinganishe na Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour mwaka 1903 na kuwanyima washindani wake vihamisha cheni mpaka akaachia uongozi. Viliruhusiwa mwaka 1937, na Roger Lapébie akashinda mwaka huo. Desgrange alitaka misuli ya mtu iteseke, akaona gia ni za wadhaifu. Mimi nataka upande kilima kwa wepesi wote unaowezekana. Ninachokataa ni wewe kulipa mamia ya dola zaidi, tena za mkopo, kwa wepesi wa kidole, wakati fedha hiyohiyo ingekununulia magurudumu na tairi zitakazokupunguzia uchovu wa mwili mzima.

Jambo moja ulichunguze kwa makini. Fremu nyingi za siku hizi zimetobolewa kwa ajili ya umeme pekee. Hazina njia ya waya. Nyingine zinaupitisha ndani ya shingo ya usukani kwa kona kali, na humo waya hukwama mapema na kuubadilisha ni kufumua usukani mzima. Tafuta fremu ambayo waya unaingilia kwenye bomba la chini. Tairi ziwe za milimita 30 au 32, barabara zetu unazijua. Breki za diski za mafuta ni sawa, ila Shimano hutumia mafuta ya madini, asikuwekee mtu mafuta ya breki za gari. Mkopo wa SACCOS uweke kwa ada au mtaji. Na kofia mpya, hiyo ya sasa imeshaanguka na wewe.

Mwandikie binamu yako leo asitoe malipo ya awali. Kisha nitumie jina la fremu, ukubwa wake, na picha inayoonyesha waya unaingilia wapi. Nitaipitia na kukujibu wiki hiyohiyo, na kama pesa ya 105 ya waya itapungua kidogo, mimi na bibi yako tumeshaongea.

Shangazi yako