Unga kwanza, farasi baadaye
Vijana wenzangu, mnaniuliza kama kubeti farasi kunalipa. Mimi huenda uwanja wa Ngong, Nairobi, Jumapili moja moja, na mia mbili tu mfukoni. Pale dirishani pesa zetu zote zinaingia kapu moja. Wenyewe wanakata fungu lao, kinachobaki wanagawana walioshinda. Akishinda farasi anayependwa na wengi, mnagawana wengi, kila mtu anapata kidogo. Kuna siku nilitia 100, nikapewa 130. Nilishangilia kweli, ila nauli ilikula zaidi. Sasa rafiki yangu anataka kutia pesa ya unga wa watoto, ati itarudi mara tatu. Nimemwambia: farasi yeyote ashinde, fungu la wenyewe liko palepale. Nunua unga kwanza, ndugu. Ikibaki mia, twende wote.