Destroya iliyopata vitabu vya Enigma, na baba yake Shosho

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Safari hii si stima wala kazi za wateja. Ni jirani.

Hapa Dandora Phase 4 kuna shosho mmoja ambaye huniletea simu yake nimsomee ujumbe wa M-Pesa. Mwezi uliopita alikuja, akavuta kiti, akaniuliza: "Kijana wangu, hiyo kompyuta yako inaweza kunitafutia mtu aliyekufa?"

Baba yake alikuwa askari wa mizinga. Aliondoka Mombasa kwa meli mapema mwaka 1944, Shosho akiwa bado anabebwa mgongoni. Nyumbani ilikuja habari moja tu, kwamba meli imezama. Ilizama wapi, nani aliizamisha, hakuna aliyemweleza mama yake.

Meli yenyewe niliipata kwa dakika tano. Iliitwa Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini Februari 5, 1944 pamoja na meli nyingine nne zilizobeba askari, msafara KR 8, kuelekea Colombo. Zililindwa na manowari tatu za Waingereza: Hawkins, Paladin na Petard. Nilipofika kwenye jina la mwisho nikaacha kuandika. Petard? Ile Petard?

Ngoja niwaeleze wale ambao hawajui. Petard ilikuwa destroya, yaani manowari nyembamba yenye kasi, kazi yake kulinda meli nyingine na kuwinda nyambizi. Usiku wa Oktoba 30, 1942, katika bahari ya Mediterania karibu na Port Said, yenyewe na wenzake waliipiga nyambizi ya Wajerumani U-559 mpaka ikaibuka juu. Wajerumani wakaruka majini. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier wakaingia ndani ya ile nyambizi iliyokuwa ikizama, wakawa wanapitisha vitabu juu. Aliyevipokea ni Tommy Brown, kijana wa kantini mwenye miaka 16 aliyedanganya umri wake ili apate kazi. Nyambizi ikazama ghafla. Brown alipona, wale wawili wakaenda nayo.

Kimoja kati ya vitabu hivyo kilikuwa cha kufupisha taarifa za hali ya hewa. Hapa ndugu zangu waandika programu sikilizeni vizuri. Tangu Februari 1, 1942, nyambizi za Wajerumani Atlantiki zilitumia Enigma yenye gurudumu la nne, na Waingereza wa Bletchley Park wakawa vipofu kwa miezi kumi. Lakini stesheni za hali ya hewa zilikuwa bado na mashine ya zamani ya magurudumu matatu. Ili zielewane, nyambizi ilipotuma hali ya hewa iliweka gurudumu la nne mahali ambapo halibadilishi kitu. Mfumo mpya ukajifanya mfumo wa zamani! Nani kati yetu hajawahi kuacha mlango kama huo kwa sababu mteja mmoja hajasasisha? Ukishapata ufunguo wa ujumbe wa hali ya hewa, ujumbe mwingine wa siku hiyo ulihitaji herufi moja tu zaidi, kujaribu mara 26 basi. Desemba 13, 1942 walianza kusoma tena.

Na msidhani mambo haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Baada ya Wajapani kuipiga Ceylon kwa mabomu Aprili 1942, kikosi cha Waingereza cha kuvunja siri za jeshi la majini la Japani kilihamia Mombasa, kwenye shule ya Allidina Visram. Septemba mwaka huo waliivunja siri iliyoitwa JN-40, iliyotumiwa na meli za mizigo za Japani, kwa sababu mtu alisahau kuandika mahali meli yake ilipo, akautuma tena ujumbe uleule kwa ufunguo uleule. Kosa hilo bado ninalikuta kwenye kodi za watu. Mwaka 1943 kikosi kikarudi Colombo.

Nirudi kwa baba yake Shosho. Februari 12, 1944, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Ilikuwa na watu 1,511, karibu 1,000 kati yao wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikufa 1,297. Walipona 214.

Sehemu inayofuata sikumsomea Shosho siku ile. I-27 ilijificha chini ya maji, na juu yake wakaelea watu waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Petard ikaamua kuwinda. Ikaangusha mabomu yanayolipukia chini ya maji, na baadhi ya walionusurika kwenye meli wakauawa nayo. Nyambizi ilipoibuka, risasi za mizinga hazikuipenya. Paladin ikaenda kuigonga, ikaishia kupasuliwa ubavu na pezi la chuma la nyambizi hiyo. Petard ikarusha topido mojamoja. Ya saba ndiyo iliyoimaliza. Baada ya U-559 na ile Uarsciek ya Waitaliano Desemba 1942, sasa ilikuwa imeshiriki kuzamisha nyambizi za maadui wote watatu. Sifa hiyo imeandikwa kila mahali. Nimeisoma mara nyingi, wala sikujua kwamba siku ya tatu ilikuwa siku yetu.

Mimi sijui ningeamua nini pale. Kulikuwa na meli nyingine nne zilizojaa askari. Naelewa hesabu yake, na bado inanikaa vibaya.

Kazi ngumu ikabaki jina. Saa ya topido ya saba unaipata, lakini jina la mtu wa Afrika Mashariki liliandikwa na karani jinsi alivyosikia. Nilitafuta kwenye orodha ya waliokufa vitani, hakuna. Nikaandika programu ndogo ya Python, mistari kama 40, inayohesabu ni herufi ngapi zibadilishwe ili jina moja liwe jingine, kisha nikaacha r na l zihesabiwe kitu kimoja. Yakabaki majina manne, yote ya Februari 12, 1944.

Nilimsomea Shosho yote manne. Kwenye la tatu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema karani amekosea jina la babu yake, lakini huyo ndiye.

Yeye pamoja na wenzake wameandikwa kwenye ukuta wa ukumbusho katika makaburi ya vita kule Ngong Road. Jumamosi tunapanda matatu mbili, moja ya tao na nyingine ya kule. Nimeshamweleza kwamba kuna jina tu, kaburi hakuna. Aliuliza kama hapo ukutani kuna kivuli, maana jua la mchana linamsumbua siku hizi.